SOMO: Kurudisha mikoko Bagamoyo, anza na maji kabla ya miche

Kila masika watu huvaa fulana mpya, wakachomeka mikoko, wakapiga picha. Mwaka unaofuata unakuta vijiti vikavu. Somo hili ni la ndugu zetu wa Kaole, Mlingotini na mdomo wa Ruvu. Tanga nao litawafaa.

Hatua ya 1: Jua kilichoua. Kama ilikatwa boriti na kuni za kuchemshia chumvi tu, na maji bado yanaingia, simamisheni ukataji. Mbegu zitaletwa na maji na nyingi zitajiotea. Kazi ipo kwenye mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa. Tuta limezuia maji kujaa, udongo umekauka, chumvi imeganda nyeupe juu. Hapo ukipanda elfu, umezika elfu.

Hatua ya 2: Vibali. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo pitia TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na serikali ya kijiji kabla ya kushika jembe. Mwenye shamba naye aulizwe.

Hatua ya 3: Kata tuta pale mkondo wa zamani ulipopita. Si lazima kulibomoa lote. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likija, simama utazame maji yanafika wapi na yanatokaje. Yakituama, chimba kifereji, maana mizizi hupumua maji yakipwa.

Hatua ya 4: Subiri msimu upite, halafu ziba mapengo tu. Kila aina ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele, unatazama bahari. Mkoko kwenye tope laini la vijito. Mkandaa nyuma, pamoja na mchu, ambao hauchagui sana. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina mkanda wa njano chini ya kofia, na ukiigusa inaachia yenyewe. Yenye matundu ya wadudu tupa. Ncha chini, theluthi moja ndani ya tope, hatua moja kati ya mbegu na mbegu. Panda bamvua likianza kupungua, ili mbegu zishike mizizi wakati wa maji mafu, yaani maji madogo.

MASWALI

Mlingotini: Shikamoo mwalimu. Tumeambiwa tupande kwenye nyasi za bahari, karibu na mashamba yetu ya mwani.
Jibu: Marahaba. Msikubali. Nyasi hizo ni malezi ya samaki wachanga, na pale maji hukaa muda mrefu mno, mkoko utakufa. Mtaharibu viwili kwa mpigo.

Tongoni, Tanga: Kaa wanatafuna mbegu zote, kaka.
Jibu: Oteshea kwenye viriba, kitalu kiwe mahali maji ya bamvua yanafika. Mche ukitoa majani kadhaa na shina likawa gumu, kaa huhamia kwingine. Mbuzi je? Hao wanapenda mchu, wekeni zamu.

Bagamoyo mjini: Mfadhili analipa kwa idadi ya miche. Kukata tuta hakumo kwenye bajeti.
Jibu: Mwombeni abadili kipimo: sehemu ya fedha itoke maji yakishaingia shambani, iliyobaki kwa miche iliyo hai baada ya mwaka. Akikataa, chukueni majembe siku ya msaragambo. Tuta la udongo halihitaji fundi.