Maua Tele, Matunda Hakuna: Kuchavusha Pasheni kwa Mkono

Mpasheni wangu wa kwanza, hapa Kisauni, Mombasa, ulifunika ukuta mzima wa uani. Maua chungu nzima, tunda hata moja hakuna. Jirani akanionea huruma, akanikatia kitawi cha kwake nipande. Nacho kikachanua bure. Kumbe wake yeye ulitokana na kitawi nilichompa mimi mwenyewe mwaka uliotangulia!

Basi anzia hapo. Pasheni ya manjano, hii inayostahimili joto la pwani, haikubali chavua yake yenyewe, na kitawi ulichokata ni mti uleule. Yataka miti miwili ya asili mbalimbali. Mimi nilinunua matunda sokoni Kongowea kwa wachuuzi wawili, nikapanda mbegu za huku na huku. (Ile ya zambarau ya bara hujichavusha, ndiyo maana jamaa zetu wa huko hawaelewi tunalia nini.)

Hatua ya kwanza ni saa. Ua hufunguka kuanzia adhuhuri, likafunga usiku uohuo, halifunguki tena. Mimi hutoka saa nane.

Pili, chungulia ndani. Juu kuna vijiti vitatu vya kike, chini yake vifuko vitano vya chavua. Ngoja vile vitatu viiname. Visipoinama, ua hilo halitashika. Lichukulie chavua tu.

Tatu, sugua kifuko cha mti mmoja kwa brashi laini, au kwa kidole kikavu, kisha paka vichwa vyote vitatu vya ua la mti wa pili. Usifanye ubahili. Maji ya pasheni yamo kwenye vifuko vinavyozunguka mbegu, na kila mbegu yataka chembe yake ya chavua. Ukipaka kidogo utavuna ganda.

Funga uzi kwenye kikonyo ujue ulipopita. Mvua ikipiga punde tu baada ya kupaka, kazi imekwenda na maji. Likishika, utaliona linavimba siku chache tu. Kuiva ni miezi miwili na ushei, nalo huanguka lenyewe.

Nyuki wa asali ni mdogo, hupita chini ya vile vijiti bila kuvigusa. Fundi hasa wa kuchavusha ni nyuki yule mkubwa mweusi atoboaye mbao. Nimemwachia gogo kavu la mwembe pembeni ya ukuta, na boriti za banda nimekataa zisipakwe dawa. Mke wangu bado ananinunia kwa hilo.