SOMO: Kukuzia mahindi (kuyaongezea mbolea yakiwa yameshaota) bila kupoteza urea

Wakulima wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea. Hizo 23 ndizo ulizolipia, na zinaweza kuondoka shambani kabla hindi halijazigusa. Inaniuma kuona mtu amekopa mbolea kisha anaimwaga juu juu.

Hatua ya 1: Gawa. Usikuzie yote mara moja. Weka nusu mahindi yakifika magotini, nusu iliyobaki kabla hayajatoa mbelewele. Naitrojeni ikishageuka naitreti, yaani ile hali yake inayoyeyuka na kwenda na maji, udongo hauishiki. Mvua kubwa za Januari huishusha chini ya mizizi. Mahindi machanga hayawezi kula mfuko mzima kwa wiki moja.

Hatua ya 2: Pima. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari ina mashina kama 18,000. Mfuko mmoja hapo ni chini kidogo ya gramu 3 kwa shina, yaani kama nusu kizibo cha soda.

Hatua ya 3: Fukia. Hapa ndipo penye hasara kubwa, na ndipo wengi wanaporuka. Punje uliyoiacha juu ya udongo wenye unyevu huyeyuka kwa umande, na asubuhi huioni. Usidhani mmea umeshaila. Kimeng'enya kilichomo kwenye udongo na mabua yanayooza huigeuza kuwa gesi ya amonia yenye naitrojeni yako, nayo hupaa, hasa jua likiwaka siku kadhaa bila mvua. Chimba kishimo cha sentimita 5 hivi, mbali kidogo na shina ili usiliunguze, weka, funika.

Hatua ya 4: Epuka maji yaliyotuama. Toa maji kwanza. Udongo ukikosa hewa, bakteria huvuta oksijeni kutoka kwenye naitreti, na naitrojeni hutoka kama gesi. Sehemu yake ni naitrasi oksidi, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

MASWALI

*Mbozi:* Shikamoo mwalimu. Vibarua wa kufukia nitawalipa nini?

Marahaba. Unganisha na palizi ya pili. Anayepalilia anavuta udongo juu ya mbolea kwa jembe lilelile.

*Kilolo:* CAN, ile mbolea nyingine ya kukuzia, si bora kuliko urea?

Kwa kupaa, ndiyo, hupotea kidogo sana. Ila nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, kwa hiyo mvua kubwa huishusha mara moja. Mvua zikisuasua na huna namna ya kufukia, chukua CAN. Linganisha bei kwa kilo ya naitrojeni, maana CAN ina asilimia 26 au 27 tu.

*Mbarali:* Mpunga je? Sisi tunarusha kwenye maji.

Maji yaliyosimama yenye ukijani hupoteza amonia nyingi mchana. Punguza maji jaruba (kipande cha shamba la mpunga chenye kingo) libaki tope, weka urea, ikanyagie wakati wa palizi, ndipo urudishe maji. Baada ya hapo usiache jaruba likauke kisha ulijaze tena: likikauka naitreti hutengenezeka, likijaa hugeuka gesi.

*Rungwe:* Naweza kuchanganya urea na majivu ili nimalize kazi mara moja?

Hapana, dada yangu. Majivu na chokaa huifanya amonia ya urea ipae. Chokaa iweke wiki kadhaa kabla ya kupanda, uichanganye vizuri na udongo. Majivu yapeleke kwenye bustani ambayo hukuweka urea.