Ploti ni ya Nani? Jinsi ya Kumthibitisha Mwenye Ardhi Nairobi Kabla Hujatoa Pesa

Kazi yangu ni hati za ardhi, na wateja wengi huja na swali moja: "Hii hati ni feki?" Swali hilo halitoshi. Hati inaweza kuwa imetoka Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi, kabisa na bado anayekuuzia akawa hana haki ya kuuza. Kuna mwenye jina, kuna anayekaa pale, kuna benki inayodai, kuna mke ambaye hakuulizwa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usitoe hata ile elfu kumi ya "kushikilia ploti" kabla hujamaliza hatua ya tano.

Hatua ya 1: Jua umeonyeshwa karatasi gani

Kule Ruai, Njiru na Utawala, ploti nyingi huuzwa kwa karatasi ambazo si hati miliki. Cheti cha hisa kinasema una hisa katika kampuni iliyonunua shamba. Shamba lenyewe huenda bado liko kwa jina la kampuni. Barua ya ugawaji ni ahadi yenye masharti, na peke yake haikupi umiliki. Mkataba wa mauzo unakupa haki ya kumdai aliyekuuzia, basi. Watu hununua kwa karatasi hizi kila siku, lakini usilipe bei ya hati kwa kitu ambacho si hati.

Ikiwa ni hati kweli, soma kama umiliki ni wa kudumu au ni wa miaka. Sehemu kubwa ya ardhi ya jiji ni ya kukodi kutoka kwa serikali. Miaka 99 iliyoanza 1948 inaisha 2047, kwa hivyo hesabu iliyobaki, si iliyoandikwa. Na kama mnunuzi si raia, kifungu cha 65 cha Katiba hakimruhusu kushika zaidi ya miaka 99.

Hatua ya 2: Mlinganishe muuzaji na karatasi

Chukua nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA. Jina na nambari vilingane na vya kwenye hati, herufi kwa herufi.

Dalali akikwambia "mwenyewe yuko ng'ambo", omba hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Simu ya WhatsApp na mtu anayejiita mwenyewe si hati. Ukiambiwa "mzee alifariki, sisi watoto tumekubaliana", omba cheti cha mahakama cha kuthibitisha usimamizi wa mirathi. Kabla ya hicho, watoto wanaweza kukubaliana wanavyotaka, hawawezi kukuuzia. Tena mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 iko wazi.

Hatua ya 3: Fanya serchi mwenyewe

Serchi ni kuuliza rejista ya ardhi ploti imeandikwa kwa jina la nani. Ya kuletewa na muuzaji itazame kama picha ya harusi: nzuri, lakini ni ya siku ile. Fungua akaunti yako Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021 ukianza na Nairobi, au tuma wakili wako. Kama rekodi ya ploti hiyo haijaingizwa humo, itafutwe kwenye rejista yake.

Matokeo yana sehemu tatu, na watu husoma ya kati tu.

Sehemu A ni ardhi yenyewe: nambari na ukubwa. Ploti ya futi hamsini kwa mia ni karibu hekta 0.046. Ukiona 0.03, umepunjwa. Pia ploti nyingi za jiji zimebadilishwa kutoka nambari za zamani za LR hadi za Block. Hakikisha nambari mpya na ya zamani ni za kipande kimoja.

Sehemu B ni mwenyewe. Yakiwepo majina mawili, wote wawili watie sahihi. Angalia pia wanamiliki kwa namna gani: wakiwa wamiliki wa pamoja wasiogawana, mmoja akifa lote linabaki kwa mwenzake, wakiwa kila mmoja na fungu lake, fungu la marehemu linaenda kwa warithi wake.

Sehemu C ndiyo huwa natangulia kusoma. Humo mna rehani ya benki, zuio la mtu anayedai, amri ya korti. Rejista ikionyesha kitu hapo, simama mpaka kiondolewe.

Hatua ya 4: Rudi nyuma hadi mgao wa kwanza

Uliza nani aligawiwa ardhi hii kwanza, na kwa utaratibu gani. Wengi huruka hii, na ndiyo inayouma. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema hati ni ushahidi wa umiliki, ila inaweza kufutwa ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria au utaratibu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilishikilia kwamba ardhi ya umma ikigawiwa isivyo halali, hata aliyeinunua baadaye hana hati ya kumkinga. Waliobomolewa nyumba Syokimau, karibu na uwanja wa ndege wa Nairobi, mwaka 2011 nao walikuwa na karatasi zao. Ploti ikipakana na mto, barabara kuu, shule au uwanja wa ndege, uliza kwa makini zaidi.

Hatua ya 5: Nenda ukakanyage

Nenda na mpimaji aliyesajiliwa, akiwa na ramani, awaonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka. Kisha mwache dalali garini, ununue soda kwenye kioski cha jirani na uulize: "Shikamoo mama, hapa ni kwa nani?" Akisema "ni kwa baba fulani, analima sukuma hapo tangu zamani," keti umsikilize. Aliyekaa waziwazi bila ruhusa kwa miaka 12 mfululizo anaweza kwenda kortini adai ardhi iwe yake.

Hatua ya 6: Mkataba na malipo

Uwe wa maandishi, na sahihi zishuhudiwe. Amana kwa kawaida ni asilimia 10, ikae kwa wakili. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, na hulipwa na mnunuzi. Muuzaji alete cheti cha kutodaiwa na kaunti na, kwa ardhi ya kukodi, cha serikali kuu.

Hatua ya 7: Serchi ya pili

Uhamisho ukishasajiliwa, fanya serchi tena. Sehemu B iwe na jina lako, sehemu C iwe tupu, isipokuwa kama umekopa. Kisha peleka nakala kaunti, bili ya ardhi ianze kuja kwa jina lako.