Somo: Kufufua Toyota Altezza kuukuu kwa bajeti ndogo hapa Dodoma

Wakuu, salaam kwenu.

Altezza yangu niliinunua Dar, namba C, ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili. Kuileta Dodoma ni mwendo wa kilomita 450 hivi. Morogoro nilipita bila shida. Vilima vya kuelekea Gairo ndivyo vilivyonisimamisha: mshale wa joto ukapanda, nikazima AC, nikafungulia hita mpaka mwisho, nikaegesha pembeni hadi jua likazama. Kesho yake tulipofungua tukakuta rejeta ina maji matupu ya rangi ya kutu, na themostati, valvu inayoongoza joto la injini, haipo. Fundi wa zamani aliitoa akiamini anaisaidia injini.

Ndiyo maana somo hili linaanzia kwenye maji, si kwenye ekzosi wala rimu. Nilikuwa na shilingi milioni mbili za kuanzia. Nusu ilikwenda kwenye maji na belti, robo kwenye breki, robo kwenye miguu ya mbele. Muonekano haukupata hata senti mwaka wa kwanza, na gari ilibadilika kuliko nilivyotegemea.

Ijue kwanza uliyonayo

Toyota iliuza Altezza kuanzia Oktoba 1998 hadi 2005. Nje ya Japani ndugu yake aliitwa Lexus IS200. AS200, yenye msimbo wa modeli GXE10, ina injini ya 1G-FE ya silinda sita, nguvu farasi 160. RS200, SXE10, ina 3S-GE ya silinda nne, farasi 210 ikiwa na gia sita za mkono. Tofauti hii ndiyo itakayoamua mfuko wako. 1G-FE imo pia kwenye Mark II GX110 na Verossa, kwa hiyo fundi anayeijua Mark II anaijua injini yako, na spea zake zinapatikana. 3S-GE inahitaji umakini. Ukimwambia muuza spea "3S" halafu ukanyamaza, anaweza kukupa vitu vya 3S-FE, ile ya RAV4 za kwanza. Taja msimbo wote wa gari, tena mtumie picha ya kibati ulipoandikwa.

Jambo jingine ni mji wetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Hiyo huwezi kuidai. Unayoweza kuidai ni ile iliyoliwa na plagi zilizochoka, filta iliyojaa vumbi na breki zinazoshika gurudumu muda wote. Kwenye gari ya miaka zaidi ya ishirini nguvu hiyo ni nyingi.

Hatua ya 1: Maji

Maji ya kawaida hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mambo mawili: kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, na presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko ukiwa na mpira uliochakaa, presha haikai, maji yanachemka mapema. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote utakavyonunua, na ndicho watu wanachokisahau.

Osha mfumo wote. Fungua rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, mwaga, jaza maji safi, washa, mwaga tena hadi yatoke meupe. Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Maji ya visima vyetu yana chumvi nyingi, yanaacha magadi kwenye vijia vya rejeta. Ukijaza, acha mfuniko wazi na hita ikiwa imefunguliwa mpaka mapovu yaishe.

Themostati irudishwe. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inakaa baridi kwenye mwendo mrefu, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, oili inachafuka, na tatizo halisi la rejeta linabaki palepale. Kabla hujaifunga, itumbukize kwenye sufuria la maji jikoni. Lazima ifunguke kabla maji hayajachemka.

Mwisho angalia feni. Kama ni ile inayozungushwa na injini, zima injini ikiwa ya moto kisha uizungushe kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi bila ukinzani, klachi yake imekufa.

Hatua ya 2: Taimingi belti

Injini zote mbili zinatumia belti, si cheni. Muda wake ni kilomita 100,000. Kama aliyekuuzia hana kumbukumbu ya maandishi, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni zikapinda, na hapo bajeti ndogo imekwisha. Ukifungua mbele, badilisha na tenshena (kikaza belti), wota pampu (pampu ya maji) na sili za oili, kwa sababu ufundi wa kufungua utaulipia mara moja tu.

Hatua ya 3: Breki

Badilisha mafuta ya breki hata kama yanaonekana mazima. Yananyonya unyevu, na yakipata moto yanachemka, pedali inazama. Anayetoka Iringa kushuka mlima wa Nyang'oro hadi Mtera anaelewa ninachosema. Tumia DOT 3 au DOT 4, na yabadilishwe kila miaka miwili. Kisha vua kalipa, kile kibanio cha pedi, safisha pini zake, paka grisi ya breki. Vumbi la Nkuhungu na Ihumwa hukausha pini hizo, pedi inabaki imegusa diski. Nyanyua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Kama zito, umeshapata farasi kadhaa bila kununua kitu.

Hatua ya 4: Miguu

Hapa naomba msome taratibu. Boljointi za chini za mbele, viungio vinavyoshikilia gurudumu, ndizo udhaifu unaojulikana wa gari hizi. Mpira wake ukipasuka, vumbi linaingia, grisi inakauka, na siku moja gurudumu linalala chini. Weka gari juu ya stendi, usitegemee jeki peke yake. Weka mtaimbo chini ya tairi, nyanyua kidogo huku mwenzako akiangalia boljointi. Ikicheza hata kidogo, badilisha zote mbili. Hiki usinunue cha mtumba, hata kama kimetoka Japani.

Bushi na shokapu zinaweza kufuata baadaye, kulia na kushoto kwa pamoja. Ukimaliza miguu ndipo uende alaimenti, kunyoosha magurudumu.

Hatua ya 5: Pumzi na moto

Plagi mpya za aina iliyoandikwa kwa injini yako, filta ya hewa, kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini). Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu, msiimwagie petroli. Boksi la filta la kiwandani liacheni. Filta ya koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na kwa jua letu la Oktoba unabadilisha nguvu kwa sauti.

Hatua ya 6: Tairi

Inchi 16 za 205/55 zinatosha. Kimo chake ni karibu sawa na 215/45 ya inchi 17, ila ubavu wake ni mnene zaidi, unavumilia matuta na changarawe. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kizota: Mkuu, nataka gari ishuke. Fundi anasema atakata springi, elfu hamsini tu. Nikubali?

Jibu: Usikubali, kaka. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na shokapu inabaki na safari fupi hadi inagonga chini. Hapa kila mtaa una matuta. Kusanya hela ununue springi fupi zilizotengenezwa kwa GXE10, au iache ilivyo.

Dada wa Kisasa: Nikikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo usukani unatetemeka. Nimeshabadilisha pedi mara mbili.

Jibu: Pole dada yangu. Pedi hazina kosa, diski ndizo zilizochakaa bila usawa. Zipimwe unene, kiwango cha chini kabisa kimechongwa kwenye diski yenyewe. Zikiwa bado nene zinachongwa, zikiwa nyembamba nunua mpya. Na ukifungwa tairi, mwambie fundi nati amalizie kwa spana, si kwa mashine ya hewa. Nati zilizokazwa kupita kiasi zinaharibu diski mpya pia.

Mdau wa Singida: Nina RS200. Hii petroli yetu inaiumiza?

Jibu: 3S-GE hiyo inagandamiza hewa na mafuta 11.5 kwa 1, na Japani ilipangiwa petroli ya daraja la juu. Kompyuta inajirekebisha ikisikia mgongano, yaani petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda, ila inakulipisha nguvu. Huku juu hewa nyepesi inakusaidia. Ukishuka Dar ndipo uwe makini. Usikanyage mafuta mpaka chini ukiwa gia ya tano na mzunguko mdogo. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, achia.

Mdau wa Manyoni: Vipi kuhusu kuweka injini ya 2JZ? Naona inakaa.

Jibu: Inakaa, kwa sababu Lexus IS300, ndugu yake, ilitoka nayo kiwandani. Lakini utahitaji gia boksi, wayaringi, rejeta kubwa na breki za kuisimamisha, kisha namba ya injini kwenye kadi irekebishwe TRA. Gharama hiyo inazidi thamani ya gari. Kwa bajeti tunayoizungumzia hapa, jibu langu ni hapana.

Mdau wa Chang'ombe: Kaka, mimi nina laki tatu tu mwezi huu, na gari inapandisha joto nikiwa foleni. Nianzie wapi?

Jibu: Mfuniko wa rejeta, themostati, kulanti, kwa mpangilio huo. Kabla ya kununua, fungua mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi, mwenzako awashe, uangalie maji. Yakitoa mapovu mfululizo bila kukoma, usinunue chochote bado. Inawezekana gasketi ya silinda hedi imeungua, na hilo ni lazima lipimwe kwanza. Yakitulia, endelea na hivyo vitatu, kisha kagua kiwango cha maji kila asubuhi kwa wiki nzima, uandike umeongeza kiasi gani.