Tanbihi za OSCOLA: namba ya (n) usiiandike kwa mkono

Juzi nimemsaidia mwanafunzi kusafisha tanbihi za mapitio yake ya utafiti. Kanuni za OSCOLA (mtindo wa kurejelea vyanzo vya kisheria) alizijua, kilichomkwamisha ni hatua ya 4.

1. Kwenye Word bonyeza Ctrl+Alt+F kuingiza tanbihi. Namba ikae baada ya nukta au mkato.

2. Kesi: jina kwa herufi za mlazo, v bila nukta. *Donoghue v Stevenson* [1932] AC 562 (HL) 580. AC ni ripoti ya kesi, 562 ni ukurasa kesi inapoanzia, HL ni mahakama (House of Lords), na hiyo 580 ndiyo ukurasa unaourejelea. Mabano ya mraba ni pale mwaka unapotambulisha juzuu. Juzuu zikiwa na namba zake, tumia ya mviringo: *Rylands v Fletcher* (1868) LR 3 HL 330.

3. Kitabu: mwandishi, kichwa kwa mlazo, mabano yenye mchapishaji na mwaka, ukurasa. Mji hauhitajiki, wala "uk." Malizia kwa nukta.

4. Kurejelea tena. Unaandika jina la ukoo, (n 7), yaani tanbihi ya 7 yenye rejea kamili, kisha ukurasa. Hiyo 7 ukiichapa mwenyewe, umekwisha: tanbihi moja ikiongezwa juu, zote za chini zinasema uongo. Mimi nilipoteza usiku mzima kwa hilo. Fungua References, kisha Cross-reference, chagua Footnote, bofya tanbihi unayoitaka.

Sasa mtego. Namba hizo hazijisahihishi papo hapo. Watu hubonyeza Ctrl+A (kuteua yote) na F9 (kusasisha) wakiwa kwenye matini kuu, wanaona kimya, wanadhani kazi imekwisha. Ctrl+A ya huko haigusi tanbihi! Weka kishale cha kuandikia ndani ya tanbihi yoyote, ndipo Ctrl+A, F9. Kisha tafuta neno Error, maana tanbihi iliyofutwa huacha ujumbe huo. Na ukikuta tanbihi ya 12 inasema (n 31), ujue ulihamisha aya: rejea kamili imebaki nyuma, ilete mbele.

Ibid (neno la kusema "chanzo kilekile cha tanbihi iliyotangulia") naiweka siku ya mwisho kabisa, kwa sababu tanbihi mpya ikipenya katikati, ibid inabadili bwana bila kukuonya. Tanbihi iliyotangulia ikiwa na vyanzo viwili, ibid hubeba vyote viwili. Ukitaka kimoja tu, rudi kwenye (n).

Zana za mtandaoni za kutunga rejea siziamini, hasa kwa kesi.

5. Bibliografia: jina la ukoo kwanza, herufi za mwanzo bila nukta, na mwishoni hakuna nukta. Kwenye orodha ya kesi, mlazo unaondoka.