Kuweka sevo kwenye droni ili ibebe kamba na kuiachia

Mpira wa maji wa mjomba wangu ulisombwa na korongo mara mbili. Shamba lake la zabibu liko Mpunguzi, hapa Dodoma, kisima kiko ng'ambo, na kila mvua za Desemba zikianza, mpira uliolazwa chini unaondoka na maji. Safari hii akaamua kuuning'iniza kwenye waya wa chuma, nguzo hadi nguzo, hatua kama themanini. Kuvuka kwa miguu unavuka, ni mchanga tu. Kinachoshinda ni kupitisha kamba juu ya migunga iliyosongamana na mbuyu uliosimama katikati kama mlinzi wa zamu. Mimi ni fundi simu Majengo, na nina droni niliyoiunga mwenyewe. Nikamwambia, mjomba, hiyo niachie mimi.

Droni ibebe ncha ya mshipi wa kuvulia samaki, ivuke, iiachie. Ukishapata mshipi ng'ambo, unavuta nao kamba, kamba inavuta waya. Hapo kwenye kuachia ndipo sevo inapoingia: inachomoa pini ya ndoano iliyoshika kamba. Sevo ni kimota chenye gia kisichozunguka ovyo kama mota ya propela: unakiambia pembe, kinakwenda hapo na kutulia.

Droni yangu ni fremu ya F450 yenye ubongo, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza, wa Pixhawk unaoendeshwa na programu ya ArduPilot. Kama yako ina ubongo mwingine majina ya mipangilio yatabadilika, ila habari ya umeme na ya ndoano ni ileile.

Sevo za kuanzia ni mbili. SG90 ina uzito wa gramu 9 na gia za plastiki. MG90S inakaribia gramu 14 na gia zake ni za chuma. Chukua ya chuma. Vumbi letu la kiangazi linasaga plastiki haraka. Kabla ya kulipa omba bisibisi, fungua skrubu nne ndogo za chini, kifuniko cha juu kitaachia, uone gia kwa macho yako. Zipo zinazouzwa kwa jina la MG90S na ndani ni plastiki tupu. Muuzaji akikunja uso, mwache na sevo yake.

Kuhusu uzito, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mchana wa joto inazidi kuwa nyepesi. Droni inayopaa kwa raha Kigamboni huku inahema. Uzito nilioufunga kwenye droni yenyewe, yaani sevo, ndoano, kifaa cha umeme na nyaya, haukufika gramu 60. Pima wako kwenye mizani ya jikoni kabla hujafunga chochote.

Sasa umeme, na hapa naomba usiruke mistari.

Sevo ina nyaya tatu: kahawia ni hasi, nyekundu ni chanya, ya chungwa ni ya amri. Mara ya kwanza niliona uvivu wa kuongeza vifaa, nikachota volti 5 kwenye kipokezi cha rimoti, kwa kuwa pini zilikuwa wazi na zinanikodolea macho. Nyumbani ilifanya kazi vizuri kabisa. Kule korongoni chembe ya mchanga ikaingia kwenye pini ya ndoano, sevo ikakwama ikiwa inasukuma. Sevo iliyokwama haiachi kusukuma. Inakunywa umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Volti zikaanguka, kipokezi kikazima na kuwaka tena. Ubongo ukaona rimoti imepotea, ukafanya kama ulivyofundishwa: panda hadi mita 15, kisha rudi nyumbani. Ikapanda kweli, na mshipi bado iko nao, umeshazunguka tawi la mbuyu. Mshipi ulipokaza, droni ikapinduka na kutua kwenye zabibu kichwa chini. Propela mbili na mkono mmoja wa fremu vikaenda. Mjomba akaitazama akasema, "Kumbe umeniletea tiara."

Kwa hiyo: sevo ipewe umeme wake. Nunua kipunguza volti kinachoitwa UBEC, cha volti 5 na ampea 3. Upande wa kuingilia ulehemu pale betri inapogawa umeme kwa mota, upande wa kutokea uende kwenye sevo. Kabla ya kuunganisha, pima kwa mita ya umeme. Ukiona 5 na kidogo, sawa. Ukiona 12, umeshika upande usio wenyewe, na sevo yako imeponea chupuchupu.

Kwenye Pixhawk ule mstari wa pini za kutokea hautoi umeme wenyewe. Unaweza kuuchomeka UBEC hapo na pini zote zikapata volti. Mimi siku hizi sifanyi hivyo. Naingiza sindano kwenye plagi ya sevo, nauchomoa waya mwekundu bila kuukata, na kuupeleka moja kwa moja kwenye UBEC. Kinachofika kwenye ubongo ni waya wa amri na waya wa hasi tu. Huo wa hasi usiusahau: hasi ya UBEC, ya sevo na ya ubongo lazima zikutane, la sivyo amri inafika bila kueleweka na sevo inatetemeka kama ina malaria.

Pini za kutokea zina makundi mawili: MAIN za mota na AUX za vifaa vingine. Chomeka kwenye AUX 1, usichomeke kwenye MAIN. Upande wa MAIN ubongo unazungumza na mota mara mia kadhaa kwa sekunde, na sevo ndogo kama hizi zimezoea amri 50 kwa sekunde. Ukiisemesha kwa kasi ya mota itachemka hadi inuke.

Ndoano. Kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kufunga mzigo kwenye mkono wa sevo. Mkono huo ni wa kuvuta pini, haukuumbwa kubeba. Kata kipande cha alumini, kikunje mfano wa herufi U, kila ukuta utoboe tundu moja, matundu yatazamane. Pini ni spoku ya baiskeli, unene wa milimita 2, imenyooshwa na kusuguliwa kwa msasa mpaka iteleze. Pini inapita kwenye matundu yote mawili, kitanzi cha kamba kinaning'inia katikati yake. Uzito wote unabebwa na kuta za U, na sevo kazi yake ni kuivuta pini kwa pembeni tu. Mkono wa sevo wenye urefu wa milimita 15, ukizungushwa nyuzi 60, nyuzi 30 huku na 30 kule, unaivuta pini milimita 15. Kwa hiyo nafasi ya ndani ya U isizidi milimita 10.

Matundu yawe mapana kidogo kuliko pini, na usipake mafuta. Mafuta na vumbi la Dodoma vikikutana vinafanya tope. Funga ndoano katikati kabisa ya tumbo la fremu, chini ya kitovu cha uzito wa droni, ili kamba ikivutwa isiiinamishe upande mmoja. Kati ya ndoano na fremu nimeweka kipande cha ndala iliyochakaa, kinapunguza mtikisiko.

Usifunge mkono wa sevo kwanza. Vua propela zote, washa, ingia kwenye mipangilio. GRIP_ENABLE weka 1, hifadhi, washa upya. Kisha GRIP_TYPE iwe 1, yaani ndoano ya sevo, na SERVO9_FUNCTION iwe 28, namba ya ndoano. Tisa kwa sababu AUX 1 inahesabiwa baada ya zile nane za MAIN. Swichi ya rimoti, mimi natumia chaneli ya 7: RC7_OPTION iwe 19, yaani swichi ya ndoano. Swichi ikiwa juu inashika, ikiwa chini inaachia. Ipo njia fupi ya kuandika 57 kwenye SERVO9_FUNCTION ili sevo ifuate chaneli ya 7 moja kwa moja, lakini napenda hii ya kwanza kwa kuwa ubongo unajua kuwa hii ni ndoano.

GRIP_GRAB (kushika) na GRIP_RELEASE (kuachia) ni urefu wa amri kwa maikrosekunde: 1500 ni katikati, na zinakuja zikiwa 1900 na 1100. Usianzie huko. Anza na 1600 na 1400, funga mkono wa sevo, halafu ya kwanza ongeza na ya pili punguza, 50, 50, mpaka pini ifike mwisho wake. Weka sikio karibu. Sevo ikiguna imesimama, maana yake inasukuma kitu kisichosogea. Rudisha 20 au 30 mpaka inyamaze. Huko kuguna ndiko kulikoniangushia droni, ila siku ile sikuwa nakujua.

Jaribio langu: chupa ya maji ya nusu lita kwenye pini, achia mara ishirini. Halafu mwaga mchanga mkavu juu ya ndoano, achia ishirini nyingine. Ikikataa hata mara moja, rudi kwenye msasa.

Siku ya kuruka tulitoka saa 12 alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mshipi hatukuufunga kwenye pini. Tulichukua kamba laini ya mita 3 yenye kitanzi, chini yake nati kubwa za gramu 150, na mshipi ukafungwa hapo kwenye nati. Kwa namna hiyo mshipi unafuata nyuma ukiwa mbali chini ya propela. Gurudumu la mshipi alishika binamu yangu kwa mikono miwili, lizunguke bila kubana. Usimruhusu mtu kujizungushia mshipi kifundoni. Wa ng'ambo wakae pembeni ya mahali nati zitakapoangukia. Kibali cha kurusha kinatolewa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na pale mjini, uwanja wa ndege ukiwa karibu vile, hata kujaribu usijaribu.

Ilivuka juu ya mbuyu, nikashusha swichi, nati zikaanguka mchangani. Dakika nne hazikuisha.

Mjomba sasa anataka kamera inayoinama ili akague mistari ya zabibu kutoka juu. Hiyo ni sevo ya pili, AUX 2, SERVO10_FUNCTION iwe 7 (kuinamisha kamera) na MNT1_TYPE iwe 1 (kishikio cha sevo), umeme kutoka UBEC ileile. Nimeshaifunga, ila picha bado inatikisika. Natafuta ndala nyingine.