Machimbo ya kokoto yanakuja kijijini kwenu? Namna ya kuyapinga kwa karatasi

Simu huwa zinanifikia watu wakiwa wameshachelewa kidogo. Vijana wenye reflekta wamepaka rangi nyekundu kwenye miamba, mzee mmoja ameshapokea kishika uchumba cha shamba lake, mwenyekiti hapokei simu, na wenye hasira wanataka kufunga barabara kwa magogo. Msifunge barabara. Mkifanya hivyo, kesho yake mjadala unahama kutoka kwenye machimbo na kuwa wa uvunjifu wa amani, na mwombaji leseni anakaa pembeni akinywa soda.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa kijiji chenye ardhi ya kijiji. Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria, na haya ndiyo nimekuwa nikirudia kuyaeleza chini ya miembe. Msimamo wangu ni mmoja: jambo ambalo halijaingia kwenye faili la ofisi, kwa ofisi hiyo halijatokea.

Hatua ya 1: Jueni ni karatasi gani ipo mezani

Kokoto na mawe ya ujenzi ni madini kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura ya 123. Mtu anaweza kuwa na leseni ya utafutaji, leseni ndogo ya uchimbaji (ndiyo ile watu wanaiita PML, hudumu miaka saba na ni kwa Watanzania) au leseni kubwa zaidi. Anaweza pia kuwa na maombi tu, huku anatembea kijijini kama mwenye mali.

Tume ya Madini ina ramani ya leseni kwenye mtandao, na mtu yeyote anaweza kuifungua. Tafuteni wilaya yenu, mbofye kipande kilichokaa juu ya mlima wenu, kisha mwandike namba, jina la mwombaji, hali ya maombi na koordineti (namba zinazoonyesha mahali) za kona zote. Msipoiona, nendeni kwa Afisa Madini Mkazi na barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi yenye taarifa siku 30 za kujibu, kwa hiyo itajeni kwenye barua yenyewe. Majibu ya mdomo yasiwatoshe.

Hatua ya 2: Pimeni mita

Hapa someni polepole. Kijiji kimoja nilichosaidia kilipoteza muda mwingi sana kwenye hatua hii, na karibu kipoteze hoja yake yote.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Madini (angalieni toleo mlilonalo, namba za vifungu zinaweza kusogea) kinamzuia mwenye leseni kufanya shughuli zake ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, mita 50 kutoka shamba lililoandaliwa au lenye mazao, na mita 100 kutoka josho, bwawa au maji yanayotumiwa na watu au mifugo, mpaka apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Makaburi yana ulinzi wake kwenye kifungu hicho hicho. Juu ya hapo kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, yenye mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa.

Kwa hiyo swali zima ni hili: kona za leseni ziko wapi hasa ardhini?

Msiingize zile namba kwenye simu bado. Someni kwanza pembeni mwa karatasi zimeandikwa kwa mfumo gani: Arc 1960 au WGS84. Arc 1960 ni mfumo wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki. Ramani zetu za skeli ya 1:50,000 zimechorwa kwa huo, na karatasi za leseni nilizozishika nyingi ni hivyo hivyo. Simu yako inatumia WGS84. Namba za mifumo hii miwili zinafanana mno, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ukiingiza namba za Arc 1960 kwenye simu kama zilivyo, simu inaiweka kona mita 200 hadi 300 mbali na mahali pake, upande wa kaskazini na kidogo magharibi. Mnabishana kuhusu mita 200 huku kosa lenyewe ni kubwa kuliko mita 200!

Katika kijiji hicho, simu ilionyesha kwamba nyumba za kitongoji cha kusini mwa mlima ziko mbali kabisa na mpaka. Watu wakaanza kusema basi, hakuna kesi. Baada ya kugeuza namba, mpaka ulishuka kusini na nyumba zile zile zikawa ndani ya mita 200.

Kugeuza tumieni QGIS, programu ya ramani, kwenye kompyuta. Ni ya bure, na mwalimu yeyote wa jiografia mwenye laptop atajifunza kwa siku moja. Sitaki kuona zile tovuti za "geuza koordineti hapa" zisizouliza mfumo; mfumo usipotajwa, jibu lake ni la kubahatisha. Kama namba zenu ni za mita (ndefu, tarakimu sita na saba), chagueni EPSG:21037 (EPSG ni namba ambayo programu hutambulia mfumo) kwa walio mashariki ya longitudo 36: Arusha mjini, Kilimanjaro, Tanga, Morogoro, Pwani. Kwa walio magharibi yake, kama Mwanza, Singida, Mbeya na Dodoma mjini, ni EPSG:21036. Kama ni digrii, dakika na sekunde, ni EPSG:4210. Kisha mgeuze kwenda EPSG:4326, ambayo ndiyo simu inaielewa. Programu inaweza kuwaletea njia zaidi ya moja ya kugeuza. Chukueni iliyoandikwa Tanzania. Tofauti kati ya njia hizo ni ndogo, lakini anayepinga hoja zenu atauliza mlitumia ipi, kwa hiyo iandikeni.

Kuna tahadhari nyingine. Usahihi wa simu ni mita kadhaa ukiwa uwanjani, na chini ya mwembe ni mbaya zaidi. Simameni nje, simu itulie, ndipo msome. Pimeni kutoka kona ya nyumba iliyo karibu zaidi na mlima, si mlangoni. Kwenye mteremko msitegemee tepu peke yake: tepu inafuata ardhi inavyoshuka, na urefu huo ni mkubwa kuliko umbali wa usawa ambao wapima hutumia. Afisa akivuta tepu mlimani na kupata mita 210, umbali wa usawa unaweza kuwa 190. Ombeni aandike mteremko.

Mwisho wa kazi muwe na kaunta buku yenye mstari mmoja kwa kila kaya: jina, koordineti, mfumo uliotumika, umbali, saini ya mwenye nyumba. Mkiweza kumpata mpima ardhi mwenye leseni athibitishe nyumba tatu nne za karibu zaidi, hiyo ndiyo pesa ya mchango iliyotumika vizuri kuliko zote.

Hatua ya 3: Mkutano mkuu na muhtasari wake

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha kwanza. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ombeni agenda iandikwe wazi kwenye tangazo: "Maombi ya uchimbaji wa mawe katika mlima fulani." Agenda ya "mengineyo" haitoshi, msiikubali.

Karatasi ya mahudhurio ndiyo inayouza vijiji. Watu wanasaini ili wapate soda na nauli, karatasi haina kichwa, na baada ya miezi michache saini zile zile zinatokea nyuma ya barua inayosema wananchi wameridhia. Dawa yake ni ndogo. Kila ukurasa wa mahudhurio uwe na jina la kijiji, tarehe, agenda na "ukurasa wa 2 kati ya 6". Mistari iliyobaki tupu ikatwe kwa kalamu kabla karatasi haijatoka mezani. Mtu mmoja apige picha kila ukurasa palepale, mbele ya mtendaji. Akiwa mama mtu mzima anayeheshimika ni vizuri zaidi. Vijana wakipiga picha huambiwa wanaleta fujo.

Muhtasari usiishie kwenye "wananchi walikataa". Sheria ya Madini ina mlango wa nyuma: ridhaa ikinyimwa bila sababu ya msingi, mamlaka inaweza kuamua kwamba haihitajiki tena. Kwa hiyo andikeni sababu, na kila sababu iwe na namba kutoka kwenye ile kaunta buku: kaya ngapi ndani ya mita 200, chanzo cha maji kiko umbali gani, shule iko upande gani wa upepo. Andikeni pia idadi ya waliokubali, waliokataa na wasiopiga kura. Muhtasari wenye watu waliokubali unaaminika kuliko ule wa "wote kwa pamoja".

Mjumbe wa halmashauri aliyeuza au anayetaka kuuza eneo atamke hivyo mwanzoni, iandikwe, na asiongoze agenda hiyo.

Kumbukeni pia kwamba mkutano mkuu hautoi ridhaa ya nyumba ya mtu. Hata wakikubali mia tano, mama mmoja ndani ya mita 200 bado anaulizwa yeye.

Hatua ya 4: Kaeni na wanaoyataka machimbo

Wapo, na wana hoja. Kupakia lori ni hela ya leo, na kijana asiye na shamba hamtamshawishi kwa kumwambia habari za vumbi. Muulizeni mwombaji, kwa maandishi, kresha (mtambo wa kupondea mawe) itaajiri watu wangapi na kwa mkataba gani. Ahadi ya darasa na kisima iulizwe vivyo hivyo. Wengi wa vijana niliowaona wakibadili msimamo walibadili baada ya barua hiyo kutojibiwa. Kelele za wazee hazikuwatikisa. Na msiwaite wasaliti, maana mtazika pamoja mlima ukichimbwa au usichimbwe.

Hatua ya 5: Ushahidi wa kabla

Pigeni picha kuta zote za nyumba zilizo karibu, zenye nyufa na zisizo na nyufa. Weka sarafu ya shilingi mia kando ya ufa ili ukubwa uonekane, na gazeti la siku hiyo kwenye picha moja. Baruti ikipigwa na ukuta ukapasuka, swali la kwanza litakuwa: "Ufa huu haukuwepo?" Kwa chemchemi, wekeni ndoo ya lita 20, mpime kwa saa ya simu inajaa kwa sekunde ngapi. Mrudie kila wiki, kiangazi na masika, mkono ule ule uandike kwenye daftari lile lile.

WhatsApp si ghala la ushahidi. Picha zinabanwa, na simu ikiibiwa zimekwenda. Hamisheni kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mtu wa nje ya kijiji.

Hatua ya 6: Barua

Iende kwa Afisa Madini Mkazi, nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkuu wa Wilaya, diwani na ofisi ya kanda ya NEMC, yaani baraza la serikali linalosimamia mazingira. Kurasa mbili, viambatisho nyuma. Pelekeni kwa mkono, mrudi na nakala yenye muhuri wa "imepokelewa".

Hatua ya 7: Mkutano wa wadau wa tathmini ya mazingira

Machimbo yanapohitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira, mtaalamu mshauri atakuja kukusanya maoni. Huyu analipwa na mwenye mradi. Sisemi ni mbaya, nasema mjue. Nendeni, msisusie: kususia huandikwa kama "hakukuwa na pingamizi". Semeni kwa zamu, kila msemaji hoja moja, mkabidhi maoni ya maandishi na mtake saini yake kwamba ameyapokea. Karatasi ya posho na karatasi ya mahudhurio ziwe tofauti.

Waandishi wa habari mimi huwaita baada ya hatua hii, sio kabla. Wakija mapema wanapata vilio. Wakija baadaye wanapata nyaraka.

Mahakama

Iacheni iwe ya mwisho. Kuishtaki serikali, pamoja na halmashauri, kunataka notisi ya siku 90 kwanza, na mlima unaweza kuliwa sana ndani ya siku 90. Wakili anaweza kuomba zuio la muda, na hapo ndipo kaunta buku na mihtasari vitamrahisishia kazi. LEAT (wanasheria watetezi wa mazingira) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanafahamu kesi za aina hii; wapigieni mapema ili wasikutane na faili mkiwa mmeshachelewa.

Maombi yakikataliwa

Eneo lililokataliwa linaweza kuombwa tena na mtu mwingine. Kwa hiyo ndani ya mkutano mkuu unaofuata, ingizeni ule mlima kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, kama hifadhi ya chanzo cha maji au malisho, na mtunge sheria ndogo inayoendana nao. Anzeni na afisa ardhi wa wilaya. Atawaambia bajeti hakuna; muulizeni ni vijiji gani vya jirani vimepimiwa mwaka huu na nani alilipia, halafu mwende kwa huyo aliyelipia.